Makangaga Chini ya Unga

Maiti ya utingo ilikutwa asubuhi, imelala kifudifudi chini ya kona kali iliyo juu ya Soni, unga wa njano umejaa masikioni.

Hatua chache kutoka hapo lilikuwapo lori lake, limelala ubavu korongoni, kijito kinapita katikati ya magurudumu. Magunia machache yalikuwa yamepasuka. Mengine yalikuwa yamebanwa ndani ya bodi, nyuma ya ubao uliofungwa vizuri kwa minyororo.

Ulikuwa mwaka wa njaa, ule uliofuatia watu kusombwa kupelekwa vijijini. Unga ule wa njano, ambao watu waliuita yanga, ulitoka nje ya nchi kwa meli, ukaja Mombo kwa treni, na ulipaswa kupanda mlima hadi Lushoto, kisha kuteremka upande wa pili hadi Mnazi, ambako watu walikuwa wanachimba mizizi. Safari yote hiyo, halafu unaishia kulisha kijito.

Inspekta Elieshi Mshana alishuka korongoni kwa kushikilia mizizi ya miti. Kamba ya kituo iliazimwa na mkubwa mmoja, haikurudi. Landrova ya kituo haikuwa na petroli. Alikuwa amepewa lifti na basi la abiria, akateremshwa konani kama mfuko wa viazi.

"Anaitwa Saidi," alisema Konstebo Selemani. "Mtu wa Mnazi. Utingo wa Silvano tangu zamani."

"Silvano yuko wapi?"

"Mahabusu. Amekamatwa kwake, anakunywa chai."

"Umeona wapi dereva anaangusha lori korongoni halafu anakwenda kunywa chai?"

"Wanasema alikuwa na boha, pombe ya miwa, kichwani, afande. Akaruka, akamwacha mwenzake."

"Wanaosema ni nani?"

Wanaosema huwa hawana majina. Ndivyo ilivyokuwa enzi ya Mwingereza na ndivyo ilivyobaki baada ya bendera kubadilishwa.

Elieshi alimgeuza marehemu. Kisogoni palikuwa na jeraha pana. Damu ilikuwa imeganda, na juu ya damu hiyo unga. Kisha akaingia kwenye bodi la lori, akasukuma gunia moja pembeni, akatazama chini yake.

Kulikuwa na makangaga, yale majani ya msituni yenye vidole vingi. Mabichi kabisa. Yalikuwa yamelala tambarare, mashina yote upande mmoja.

"Majani ya humu humu korongoni," alisema Selemani.

"Ya humu yana mizizi. Haya yamekatwa kwa panga. Na yamelaliwa na gunia."

Aliyafunga kwenye gazeti, akaanza kupanda.

*

Kituoni Lushoto, Mrakibu Kaniki, bosi wake, alikuwa amekwisha kuimaliza kesi.

"Mhujumu huyo," alisema. "Ameuza shehena Mombo, akaacha magunia ya geresha, akaliangusha lori. Kesho kutwa gari la Tanga litakuja kumchukua. Wakubwa wanataka jina, Mshana. Wana njaa kule Mnazi."

"Jina haliliwi, afande."

"Umesema nini?"

"Nimesema ndiyo, afande."

Nje, juu ya jiwe, alikuwa ameketi Jenoveva, mke wa Silvano, na sufuria ya chakula imefunikwa kwa kanga. Askari wa zamu alikuwa amemkatalia kuiingiza. Waliopita barabarani walikuwa wanamtazama wanavyomtazama mke wa mwizi, na mmoja alitema mate.

Silvano aliletwa bila mkanda wala viatu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba.

"Ulifika Lushoto na lori?"

"Nilifika, Inspekta. Jioni, ukungu umeshuka. Nikaliegesha ghalani."

"Na mzigo?"

"Wote, juu ya bodi. Asubuhi tulikuwa tuendelee Mnazi. Ukishusha usiku na kupakia alfajiri ni kazi ya bure."

"Ufunguo?"

"Nilimwachia mzee Hezekia, bwana ghala. Ndiyo sheria ya Ushirika wa Malori. Dereva halali na ufunguo, eti atapakia mzigo wa kurudi kwa siri."

"Hezekia anasema lori halikumfikia."

Silvano alicheka kicheko kibaya. "Mzee wa kanisa amesema. Mimi nitasema nini?"

"Hati ya mzigo haina sahihi yake."

"Hutia sahihi asubuhi, kukiwa kweupe. Miaka yote. Kamuulize."

"Saidi alikuwa wapi?"

"Juu ya magunia. Utingo hulala juu ya mzigo. Nilimwambia njoo nyumbani ule, akasema, 'Huu unga unakwenda kwa mama yangu, siuachi.'" Alifuta pua kwa mkono. "Inspekta, mnaweza kunifunga. Lakini kule Mnazi wataambiwa Silvano kaula unga wao. Hilo nitalibeba vipi?"

"Lori ulilifagia lini?"

"Mombo. Nilishuka na kabichi, bodi lilikuwa chafu. Wale wa stesheni hawapakii chakula cha serikali juu ya majani."

Elieshi aliacha kuandika.

*

Mganga wa hospitali hakuwa na barafu, hakuwa na glavu, na alikuwa na hasira kuliko Elieshi.

"Mnaniletea maiti kama mnaleta kuni," alisema. "Tazama mgongo huu. Unaona wekundu? Damu imetuama mgongoni. Mlimkuta amelalaje?"

"Kifudifudi."

"Basi aliachwa chali muda mrefu baada ya kufa, ndipo akatupwa. Na jeraha lina vibanzi vya mbao. Amepigwa na kitu kizito cha mti, pembe yake kali. Hakuuawa na lori."

"Utaandika hivyo?"

"Nikipata karatasi."

*

Kushuka Mombo, Elieshi alipanda lori la kabichi, akakaa juu ya shehena pamoja na wachuuzi wawili waliokuwa wanagombana njia nzima. Lori lilikuwa wazi, bila turubai. Mboga ikifunikwa, joto la Mombo huipika kabla haijauzwa. Chini ya kabichi, upande wa ubao wa nyuma, makangaga yalikuwa yanachungulia.

Kadiri walivyoteremka, kijani kilipungua. Kufika Mombo, ilikuwa vumbi, mkonge na miiba.

Msimamizi wa makuli wa stesheni aliitwa Efrazia, mama mwenye sauti ya kusimamisha treni.

"Silvano? Nilimkatalia kupakia mpaka afagie. Akanitukana, nikamtukana, akafagia."

"Mlitandika nini chini ya magunia?"

"Tutandike?" Aliwageukia makuli wake. "Jamani, Inspekta anauliza kama unga tuliutandikia kitanda!"

Walicheka mpaka mmoja akaketi.

"Sisemi shuka, mama. Majani."

"Majani ya wapi, baba? Tazama." Alizungusha mkono kuonyesha vumbi lote la Mombo. "Na majani mabichi chini ya unga, ukungu unaingia. Unga hukaa juu ya mbao kavu. Hao wa mlimani ndio wana ugonjwa wa kutandika. Hata ukiwapa mabati, watayatandikia."

"Lori liliondoka limejaa?"

"Mpaka springi zikalia."

Elieshi alinunua chungwa, akalila amesimama. Kwa hiyo lori lilifika juu limejaa, mbao kavu. Juu huko mtu alishusha kila kitu, halafu akarudisha magunia machache ya kuonyesha. Na aliyeyarudisha alikuwa na mikono ya mlimani, mikono ya kabichi na peasi, isiyoweza kuweka mzigo juu ya bodi tupu.

Kumjua huyo mtu ilikuwa rahisi. Kumshika ndiyo kazi. Hezekia Shemweta alikuwa mzee wa kanisa, na nusu ya askari wa kituo alikuwa amewasimamia ubatizo.

*

Siku ambayo gari la Tanga lilikuwa linasubiriwa, magunia yaliyookolewa korongoni yaliletwa uani kwenye ghala la ushirika. Elieshi aliazima lori tupu. Ilimchukua asubuhi yote kuomba petroli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Hezekia alikuwa mrefu, koti lake limeshonwa viwiko. "Mmeshampata mwovu wenu. Mungu awasaidie."

"Tunapeleka vielelezo Tanga. Nisimamie kupakia, mzee. Mimi ni mtu wa kalamu."

Makuli wawili walinyanyua gunia la kwanza, wakaanza kulirusha ndani.

"Ngojeni!" Hezekia aliwafokea. "Juu ya mbao tupu? Nani kawafundisha ninyi?"

Hakungoja jibu. Alichukua panga, akazunguka nyuma ya ghala ambako ukingo wa mlima ulikuwa umejaa makangaga, akarudi na mzigo kifuani. Akapanda mwenyewe, pamoja na magoti yake mabovu, akatandika. Mashina upande wa kichwa cha lori, vidole nyuma. Akapapasa kwa kiganja kama mtu anayemtandikia mgonjwa.

"Haya. Sasa wekeni."

Elieshi alifungua gazeti lake juu ya ubao wa nyuma. Majani yalikuwa yamenyauka, lakini bado yalikuwa yamelala vile vile.

"Haya niliyatoa chini ya magunia, ndani ya lori la Silvano."

Hezekia aliyatazama, kisha akaitazama mikono yake.

"Ni ya mboga alizoshuka nazo," alisema.

"Alifagia Mombo. Nimeshuka kuuliza. Na Mombo hakuna jani hili hata la dawa."

"Vijana wangu walitandika."

"Lini, mzee? Ulisema lori halikufika kwako."

Makuli waliweka gunia chini polepole.

"Shuka, mzee. Utaumia."

"Nishike mkono," alisema Hezekia. Elieshi akamshika.

*

Alikiri ghalani, ameketi juu ya mizani, Selemani akiandika.

"Unga uko wapi?"

"Umeliwa."

"Na nani?"

"Kwezindo. Kwetu." Alimtazama Inspekta usoni. "Unakujua Kwezindo? Hukujui. Hakumo tena kwenye hesabu ya nchi hii. Walitwambia tuhame mteremko twende kijiji kipya kule kwenye tope. Tukasema, makaburi yetu yako hapa, migomba yetu iko hapa. Wakasema vizuri, kaeni. Chakula kilipokuja kikapita mbele ya milango yetu. Mimi mwenyewe nakipokea, mimi mwenyewe nakipeleka kwa wengine, halafu Jumapili nazika mtoto."

"Ungekwenda kusema."

"Nilikwenda. Nikaambiwa niandike. Nikaandika. Nikaambiwa nisubiri." Sauti yake ilipanda. "Mwingereza alitaka tuchimbe matuta, nikakataa, akanifunga. Sawa. Alinifunga. Lakini wanangu hakuwanyima unga!"

Selemani aliacha kuandika. Elieshi akamwonyesha kwa kidole: andika.

"Walibebaje?"

"Wanawake, kwa vichwa. Ukungu ulikuwa mzito. Niliwaita, wakaja kama siafu."

"Na Saidi?"

Hapo mzee aliinamisha kichwa.

"Aliamka. Akakaa juu ya magunia, akapanua mikono. Nikamwambia, shuka, kuna watu wanakufa. Akasema, 'Hata kwetu.' Nikamwambia, wenu wataletewa mwingine. Akanicheka. 'Mwingine upi, mzee? Wewe umeuona?'" Alimeza mate. "Nilikuwa nimeshika kabari, ile mbao anayoweka yeye nyuma ya gurudumu lori likipanda. Nilitaka anyamaze. Wanawake walikuwa wanatazama. Nikampiga."

"Hukumwita mganga."

"Alikuwa amekwisha. Nilikaa naye mpaka unga ukaisha kubebwa. Kisha nikarudisha magunia machache, nikamweka mbele. Kutoka hapa ni mteremko. Nilijifunza kuendesha kwa setla. Konani nikaruka."

"Ukamwachia Silvano mzigo wa kunyongwa."

"Dereva," alisema Hezekia, bila kejeli, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nani humwamini dereva?"

"Saidi alikuwa na mama."

"Najua."

"Anakula mizizi."

"Najua, nimesema!" Alipiga bamba la mizani kwa ngumi, mshale ukaruka. "Ulikuwa unga mmoja, Inspekta! Wa kwao na wa kwetu, na hautoshi. Nani aliyetuweka tuuvutane? Huyo naye umwandike!"

Elieshi aliitazama karatasi mikononi mwa Selemani.

"Malizia sahihi, mzee," alisema.

*

Mrakibu Kaniki alisoma maelezo amesimama. Hakusema kazi nzuri.

"Vielelezo vyote vikusanywe. Nenda Kwezindo."

"Vimeshaliwa, afande."

"Basi andika kwamba vimeliwa." Akatupa karatasi mezani. "Gari la Tanga limefika. Mtoe yule dereva, umtie huyu."

Silvano alirudishiwa mkanda na viatu. Kamba ya kiatu kimoja ilikuwa imepotea. Jenoveva alisimama kutoka kwenye jiwe lake, akafungua sufuria mbele ya askari wote, akampa mumewe ale pale pale uani. Alikula haraka, hakumtazama mtu.

Alipomaliza, alimwendea Elieshi.

"Mnazi wamepelekewa unga mwingine?"

"Bado. Nimeuliza."

"Wameambiwa sikuula mimi?"

"Nitaandika barua. Leo hii, na mhuri."

"Barua," alisema Silvano. "Inspekta, watu wale hawasubiri barua. Wameketi kando ya barabara wanasubiri lori."

Elieshi aliitazama Landrova ya kituo, tairi zake zimeanza kukaa chini.

Silvano alivuta kiatu kisicho na kamba, akakikaza kwa kipande cha katani alichookota uani. Kisha akashika barabara ya Mlalo, iendayo Mnazi, kwa miguu. Jenoveva alijitwisha sufuria tupu, akamfuata.