Usiku wa Saa Nane Mchana

Saa nane mchana, jua la Dodoma likichoma lami nje, usiku uliingia ndani ya duka la dawa.

Ulianzia darini. Utandausiku, chombo cha duara kisichozidi sahani ya kikombe, ulielea katikati ya duka na kuanza kunywa mwanga. Zilitoweka kwanza rangi za maboksi kwenye rafu, kisha meza ya kuuzia, kisha vidole vya watu. Baada ya dakika moja ungeapa ni saa tano usiku. Mbu mmoja alitokea kona ya ghala, akidhani zamu yake imefika.

"Huyu naye hajaambiwa kuwa ni filamu," alinong'ona Hamduni, akimpiga kofi hewani.

Nyemo alitaka kucheka lakini hakuweza. Alikuwa amejibanza nyuma ya kabati la dawa za kikohozi, kibao chake cha kuongozea amekikumbatia kifuani. Yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji wa filamu, na neno lenyewe lilimtisha kuliko giza.

Ulikuwa mwaka 2091. Filamu karibu zote zilitengenezwa na mashine, kwa waigizaji wa nuru ambao hawali, hawachoki wala hawachelewi. Hata hivyo chuo chao kilishikilia sharti moja la zamani: kila wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza watengeneze mwanzo wa filamu ya taharuki, dakika mbili tu, kwa mtu halisi ndani ya chumba halisi. Kisha darasa zima lingeitazama likiwa limevaa bangili za mapigo, zinazosikiliza moyo wa kila mtazamaji. Alama ilitolewa na Mshonaji, akili bandia ya chuo iliyounganisha picha na kusoma bangili hizo. Aliyepata chini ya sitini alirudia muhula mzima, yeye na mwenzake.

Mtu halisi wa Nyemo alikuwa Yusta, mdogo wa mama yake. Hakuwa na uso wa kumwomba mtu mwingine. Yusta alikuwa amefanya kazi katika duka hilo la dawa kwa miaka ishirini. Siku hizo mashine ndizo zilizohesabu vidonge, lakini sheria ilitaka mtu amweleze mgonjwa kwa mdomo wake jinsi ya kuvimeza, na hapo ndipo Yusta alipopatia riziki yake. Siku hiyo alikuwa amefunga duka kwa saa moja kwa ajili yao, na juu ya meza aliwawekea chupa ya chai na bakuli la vitumbua, watakapomaliza.

Hadithi ilikuwa fupi. Mwuza dawa anafunga duka. Ufunguo wa ghala uko mkononi mwake, na ghala halina mtu. Ghafla, kutoka ndani ya ghala, mlango unabishwa.

Nyuki-macho sita, kamera ndogo zenye mabawa, waliruka na kujipanga. Yusta alikunja kitabu chake cha wagonjwa. Mlango wa ghala ukabishwa mara tatu, kwa kipaza sauti cha Mshonaji.

"Karibu!" alisema Yusta, bila hata kuinua kichwa.

Hamduni aliangua kicheko. "Mama mdogo! Unamkaribisha muuaji?"

"Sasa mtu akibisha nifanyeje? Nimnunie?"

Walipiga mara ya pili, na "karibu" likatoka tena. Mara ya tatu Yusta alijiuma midomo, lakini nyusi zake zilipanda kwa ukarimu uleule, na Hamduni akalazimika kukaa chini.

Nyemo alijua kuna kitu cha kumwambia. Hakujua aanzie wapi. Mtu aliyekuogesha ukiwa mdogo unamwambiaje kwamba hajafanya vizuri, arudie? Kwenye kibao, maandishi ya Mshonaji yalijitokeza taratibu: *Alama inayotarajiwa: 41. Je, niongoze mwenyewe? Ruhusu mbinu zote.* Chini yake kulikuwa na kurasa kumi na moja za masharti.

Nyemo alibonyeza *Ruhusu*. Akajisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Kwa sauti ya upole, Mshonaji alimwomba Yusta aingie ghalani kutafuta boksi la bandeji, ili nyuki-macho wampige picha kwa nyuma. Yusta aliingia. Mlango ukajifunga. Mara mlango ukaanza kugongwa kwa viganja, na baada ya hapo ukasikika mlio ambao Nyemo hakuwahi kuusikia kutoka kwa mtu yeyote.

"Kumbe mama mdogo ni moto wa kuotea mbali!" alisema Hamduni, macho yamemtoka.

Mlango ulipofunguka, Yusta alitoka akijifunga kilemba upya. Vidole vyake vilikosea fundo mara mbili.

"Mmepata mlichotaka?"

"Tumepata, mama mdogo. Umetisha kweli!"

"Haya. Wateja wananisubiri nje."

Walipokuwa wakikusanya vifaa, Nyemo aliona kwamba chupa ya chai haikufunguliwa. Aliona, na hakuuliza.

Kesho yake asubuhi Mshonaji alikabidhi kazi. Dakika mbili zilipita kama sekunde kumi. Alama iliyotarajiwa ilikuwa tisini na nne, na mwaka ule hakuna aliyekuwa ameifikia. Majina yalijitokeza katikati ya picha, kama filamu za taharuki zinavyopenda kufanya: mwongozaji, Nyemo Chilongani, mpigapicha, Hamduni Shekiondo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Chanzo cha sauti namba 1.*

"Huyu ni nani?" aliuliza Nyemo.

"Ni mlio wa ghalani," alijibu Mshonaji.

"Huyo ni mama yangu mdogo. Ni mwigizaji."

"Mwigizaji huigiza. Mlio huu haukuigizwa. Nilifunga mlango kwa sekunde sabini, nikazima taa, nikatoa sauti ya kubisha kutoka kuta zote nne. Ni mbinu ya hofu halisi, ukurasa wa tisa. Uliiruhusu."

Hamduni, aliyekuwa akimung'unya ubuyu, aliacha kumung'unya.

Yusta alikaa ghorofa ya tano ya mnara wenye bustani za zabibu juu ya paa. Lifti ilikuwa wazi pale chini, lakini siku zote Yusta alipanda ngazi, na Nyemo alidhani ni mazoezi. Safari hii naye alipanda ngazi, taratibu, akihesabu atakachosema. Alipofika juu alikuwa amekisahau chote.

Yusta alikuwa sebuleni akichambua maharage kwenye ungo. Nyemo alipiga magoti pembeni na kusimulia akiutazama ungo: kibao, kurasa kumi na moja, ukurasa wa tisa. Yusta alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo haikuwa hitilafu," alisema.

"Hapana, mama mdogo. Ni mimi."

Yusta alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Unakumbuka mwaka wa tufani ya vumbi, umeme ulipokatika mji mzima? Ulikuwa darasa la pili. Nilikuwa nashuka kuja kukuchukua shuleni. Nilikwama kwenye lifti hii ya hapa chini kwa muda wa saa tisa nzima, peke yangu, gizani."

Nyemo alikumbuka. Alikumbuka geti la shule, mlinzi akimpa nusu ya mkate wake, na jinsi alivyomnunia mama mdogo wiki nzima kwa kumsahau.

"Hukuniambia."

"Ungefanya nini na habari hiyo, na miaka yako minane?" Mkono wa Yusta uliendelea na maharage. "Hiyo mashine imekupa ngapi?"

"Tisini na nne."

"Ni nyingi?"

"Hakuna aliyepata hiyo."

"Basi itumie. Kelele zenyewe nimeshazipiga. Zikikuvusha, angalau zimefanya kazi."

Hapo Nyemo akashindwa kujizuia. Alilia kama wanavyolia watu waoga, bila sauti, mabega tu.

"Usilie juu ya maharage, yataota," alisema Yusta. Kisha, baada ya kumpa upande wa kitenge chake ajifute: "Lakini nikuulize. Wewe pale ulitaka nini hasa? Maana mashine imeniambia, Hamduni amenicheka, wewe hujaniambia kitu hata mara moja."

Nyemo alifikiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza, hata yeye mwenyewe.

"Nilitaka ile karibu," alisema.

"Ile niliyokosea?"

"Ndiyo. Useme karibu kama kawaida yako, kama kwa mgonjwa. Halafu ukae kimya. Halafu ndipo ukumbuke kwamba ufunguo wa ghala uko mkononi mwako."

Mkono wa Yusta ulisimama juu ya ungo.

"Loo," alisema. "Hiyo inatisha. Ungeniambia tangu jana."

Ilibaki kumwambia Hamduni, kwa sababu alama ilikuwa yao wote. Nyemo alimpigia simu pale pale kwenye ngazi. "Tukiacha ile ya tisini na nne tunaweza kuanguka, na wewe utarudia muhula kwa ajili yangu."

"Nyemo, mimi hesabu za darasa la sita nilizirudia mpaka mwalimu akahama shule. Na mlio ule jana nimeuota. Twende."

Mchana ule walishusha usiku tena, ila nusu tu, kwa kiasi ambacho Yusta mwenyewe alisema kinamtosha. Hamduni ndiye aliyekaa ghalani na kubisha kwa ngumi yake, akilalamika kwamba kumejaa harufu ya spiriti. Mshonaji alizimwa.

"Rudia, mama mdogo," alisema Nyemo. "Umegeuka mapema." Paa halikuanguka. Yusta aliitikia "haya" na kurudia.

Alimrudisha mara tano. Mara ya tano Nyemo hakuwa tena nyuma ya kabati. Alikuwa amesimama katikati ya duka, na hakujua alifikaje hapo. Kati ya mara ya tatu na ya nne walikunywa chai na kula vitumbua, na Hamduni alipitishiwa chake kwenye upenyo wa mlango, kama mfungwa.

Picha waliziunganisha wenyewe hadi jioni. Waligundua kwamba kishindo cha ufunguo unaogusa meza kinatisha kuliko ngoma zote walizokuwa wamepanga kuweka. Waligundua pia kwamba ukimpa mtazamaji sekunde tatu tupu, anazijaza mwenyewe. Mlio wa ghalani waliufuta, na Nyemo akahakikisha kwamba umefutika hata kwenye ghala la kumbukumbu la chuo.

Siku ya kuonyesha, wanafunzi ishirini na wanne walivaa bangili. Nyemo alikaa karibu na mlango, tayari kukimbia.

Duka likafungwa. Kitabu kikakunjwa. Mlango ukabishwa mara tatu.

"Karibu," alisema Yusta, kwa sauti iliyokuwa imewaondolea wagonjwa wasiwasi miaka ishirini. Tabasamu lilikuwa bado usoni pake macho yalipoteremka kwenye ufunguo. Sekunde moja. Mbili.

"Mama, usimkaribishe!" alipiga kelele Fortunata wa safu ya nyuma, ambaye darasa lote lilijua kwamba husinzia katika kila onyesho.

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika, kwa maana kitasa cha ghala kilikuwa kimeanza kuzunguka. Skrini ikawa nyeusi. Jina la kwanza kutokea, kubwa kuliko yote, lilikuwa *Yusta Msagati, mwigizaji.*

Mshonaji alitoa alama: hamsini na saba. "Kwa sekunde tatu mapigo yalipungua," alieleza, "na kicheko kilivunja taharuki."

"Mapigo yalipungua kwa sababu hakuna aliyekuwa anapumua," alisema Mwalimu Kihwele, aliyekuwa amevua bangili yake. Kisha akaongeza, "Kanuni siwezi kuibadilisha leo. Mtarudia muhula, na mtarudia kwangu. Sasa, naomba niione tena."

Kilichobaki ilikuwa fomu ya tathmini. *Umejifunza nini?* Kibao kilimpendekezea Nyemo majibu saba yaliyokwisha kuandikwa. Aliyafuta yote. Aliandika kwamba mwongozaji ni yule anayeweza kusema "rudia" huku akimtazama mtu usoni, na kwamba asipoweza, kuna kitu kingine kitasema kwa niaba yake. Aliandika kuhusu ufunguo na zile sekunde tatu. Aliwashukuru Hamduni, Fortunata, hata yule mbu. Mwishoni aliomba kwamba kuanzia muhula ujao kurasa zote kumi na moja zisomwe kwa sauti mbele ya mwigizaji, kabla ya mtu kubonyeza chochote. Mwalimu Kihwele alisoma mara mbili, akatia saini chini ya ombi hilo.

Kisha Nyemo alikwenda dukani kupeleka habari. Njiani alijaribu kuipanga vizuri: wameanguka, lakini, wamerudishwa, ila. Alifika akakuta hakuna mtu kaunta, na mlango wa ghala uko wazi, umezuiliwa kwa boksi zito la maji ya chumvi. Ndani kulisikika mtu akihamisha vitu na kuimba kwa chini.

Nyemo alibisha mara tatu kwenye fremu ya mlango.

"Karibu!" alisema mama mdogo, kabla hajajua ni nani.