Babu Aliyetoka Lukaya

Luhaga alipozima pikipiki uani kwake Usagara, mkewe Paskazia alikuwa ameshasonga ugali wa watu watatu. Akatoka na beseni la maji ya kunawa, akachungulia nyuma ya mumewe, kisha akachungulia barabarani.

"Mgeni umemshushia wapi?"

"Mgeni gani?"

"Si huyo uliyempakia! Nimewaona mnakata kona pale, nikaongeza unga."

Luhaga akacheka, maana ndivyo alivyo, kila kitu kwake kicheko. "Usingizi huo, mke wangu. Hujalala siku nyingi."

Kweli hakuwa amelala. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alikuwa analia tangu azaliwe, mchana kutwa, usiku kucha, mpaka majirani wakaacha kuulizia. Hospitali walisema ni mzima. Bibi Getruda, aliyemlea Luhaga, akasema mtoto analilia jina, na mwenye jina hakurudi nyumbani. Alikuwa anamsema marehemu mumewe, Mashimba, aliyekwenda vita vya Kagera akafia Lukaya, huko Uganda, mwaka sabini na tisa. Hata kaburi lake halijulikani. Basi Luhaga, fundi pikipiki anayeziamini pikipiki kuliko watu, akafunga begi, akapita Kyaka, akavuka Mutukula peke yake, akaenda kuichukua roho ya babu yake. Leo ndiyo alikuwa anarudi, na mtoto bado alikuwa analia.

Baada ya kula akaenda kuifuta pikipiki. Shokapu za nyuma zilikuwa zimedidimia, kama vile kuna mtu mzito amekaa. Akashika mkia ainue, haukuinuka. Akaenda kuchukua spana, aliporudi pikipiki ilikuwa imejiinua yenyewe, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na maji ya matope. Sasa mtu mwenye akili zake si angepiga kelele hapo? Yeye akafuta maji, akaendelea na kazi.

Harufu ndiyo iliyoanza kumsumbua Paskazia. Ilikuwa ya kinamasi na ya nguo zilizovaliwa mbichi, halafu ya tumbaku kali. Akafungua madirisha, ikazidi. Jua likiwa bado linawaka, akasikia viatu vilivyolowa maji vikitembea ukumbini, chwaa, chwaa, vikasimama mlangoni pa chumba, akamwona mtoto anageuza macho huku analia, anakifuata kitu kutoka mlangoni hadi kitandani, na godoro likabonyea pembeni yake taratibu, kama mtu anavyokaa asimwamshe aliyelala, na yeye Paskazia, badala ya kukimbia, akajikuta anasogea kumpisha nafasi, maana tangu utotoni alifundishwa kwamba mkubwa akikaa unasogea.

Bibi Getruda alifika jioni ile ile kumpokea mumewe. Alikuwa amevaa khanga mpya, maskini. Akaingia ukumbini, akavuta pumzi mara moja, akarudi uani.

"Mume wangu hakuvuta tumbaku," akanong'ona. "Ilikuwa inamkohoza. Luhaga, kule ulimwitaje?"

"Nilisimama pale kinamasini, nikapiga kiti cha nyuma, nikasema, Babu, panda twende nyumbani."

"Jina lake hukutaja?"

"Bibi, ningemwitaje mtu mzima jina lake kavu?"

"Na ukoo?"

"Sikutaja."

"Mayo wee!" Bibi akashika kichwa. "Aliyekufa ugenini unamwita Mashimba, mwana wa fulani, wa ukoo fulani, mpaka ajue ni yeye. Pale walilala askari wetu, wakalala wa Uganda, wakalala na waliotoka mbali kuja kuwasaidia. Nani kati yao asiyeweza kuwa babu wa mtu?"

Luhaga akaitazama pikipiki. Akakumbuka kwamba pikipiki ilididimia kabla hajamaliza kusema, naye akafurahi mpaka akalia, na njia nzima, Masaka, Kyaka, Biharamulo, Geita, hadi anavuka daraja la Busisi, alikuwa anaongea na aliye nyuma yake, anamwambia nyumba ilipo, anamwambia mke wangu anaitwa Paskazia, anamwambia mtoto hana jina, tunakungoja wewe tu.

Wakamwita mganga, mzee Ndalahwa. Akakataa kuvuka kizingiti.

"Kama alikuwa mtu au ni jini lililozoea maiti, sijui. Ninachojua, amekaribishwa, na aliyekaribishwa hafukuzwi, anarudishwa. Kaa juu ya pikipiki, washa. Mwambie, panda nikupeleke nilikokutoa. Ukisikia mkia umedidimia, ondoka, usigeuke. Lakini fanyeni haraka. Akishapata jina humo ndani, amekuwa wenu."

Luhaga akapanda, akawasha. "Panda," akasema. "Panda nikupeleke nilikokutoa."

Mkia haukudidimia. Ndani mtoto alikuwa analia mikononi mwa Paskazia, ambaye hakuyasikia hayo ya uani. Luhaga akasema tena, akasema tena, Bibi Getruda anasali kwa Kisukuma na kwa Kiswahili akichanganya watakatifu na mababu, na Luhaga akiwa ameukaza mgongo akisubiri uzito ule, akiutamani sasa, akiuomba uje umkalie, ghafla kilio ndani kikakatika.

Mlango ukafunguliwa. Paskazia akatoka na mtoto kifuani, anatabasamu, machozi yanamtoka. Mtoto alikuwa ananyonya kwa utulivu.

"Amenyamaza! Nimemwita jina lake, akanyamaza hapo hapo."

Akalitaja. Mimi silirudii hapa, na usiniulize. Halikuwa Mashimba, wala halikuwa jina la mtu yeyote wa ukoo ule.

"Nani amekupa hilo jina?" Bibi Getruda akauliza.

Paskazia akawatazama mmoja mmoja, akishangaa mbona hawafurahi.

"Si yeye mwenyewe babu," akasema. "Amekaa na sisi muda wote."