Abiria wa Barafuni

Emmaculate aliuona mkanda kabla hajauona uso wa mumewe. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, mikono yake imejaa unga hadi viwikoni, na picha ilipofunguka Waswa alikuwa bado anahangaika kuibandika simu yake juu ya dashibodi, kwa hiyo kilichoonekana kwanza kilikuwa kiti cha abiria. Hakikuwa na mtu. Mkanda wake ulikuwa umefungwa, umenyooka, kama unaovuka kifua cha mtu.

"Leo umebeba nani?" akauliza.

"Nibebe nani huku? Huku hata mbwa hakuna."

"Na huo mkanda?"

Waswa alitazama pembeni, kisha akacheka kidogo. "Ni waya zimeharibika. Nisipoufunga, gari linalia ti, ti, ti, linadhani kuna mtu amekaa bila mkanda. Sasa nimeufunga ninyamazishe kelele."

Emmaculate akageuza chapati. Ilikuwa alasiri pale Mamboleo, jua limelala juu ya mabati, madereva wa malori wanangoja chai kwenye benchi lake, na kule alikokuwa Waswa kulikuwa giza. Asubuhi ya huko ilikuwa giza, na mchana wake, alivyomwambia, ulikuwa kitu cha kupita tu, kama mtu aliyechungulia dirishani akaenda zake.

Waswa alianza na kubeba miwa Muhoroni, akaja akaendesha trela za Mombasa hadi Malaba, ndipo wakala mmoja akampeleka Kanada, kaskazini kabisa, mahali ambapo wakati wa baridi maji ya maziwa huganda yakawa barabara na malori hupita juu yake kupeleka mafuta migodini. Emmaculate alikuwa amezaliwa upande wa Bondo, karibu na maji, na jambo hilo hakulipenda tangu mwanzo. Ziwa ni ziwa, alisema. Lina wenyewe. Lakini mtoto wao Byron alikuwa shule ya bweni, na Waswa alikuwa mtu wa barabara, hangekaa. Basi kila siku Emmaculate alimpigia simu, akimsemesha huku anapika. Umekula? Umevaa soksi mbili? Funika miguu. Njoo nyumbani salama, nakungoja.

Siku zikaenda, na kila simu ilipofunguka Emmaculate alitazama kiti kile kwanza. Aliona kioo cha upande wa abiria kimeota barafu kwa ndani, ilhali upande wa Waswa kioo kilikuwa safi. Aliona mumewe amevaa koti zito ndani ya gari lenye hita. Akamuuliza.

"Hita inafanya kazi," Waswa alisema kwa sauti ya chini, kama asiyetaka kusikiwa. "Upepo wake unatoka moto. Ukifika katikati ya gari unakufa. Na kuna harufu, Mama Byron. Unajua ile friza ya samaki, stima ikipotea siku mbili halafu irudi? Ni hiyo."

"Ilianza lini?"

Waswa akapangusa pua. Kisha akamwambia. Walikuwa wamesimamishwa katikati ya ziwa kwa sababu ya upepo, kila lori peke yake, maana malori hayaruhusiwi kukaribiana juu ya barafu. Mtu akagonga mlango. Absalom, yule Mkenya mwenzake aliyemtangulia huko, alikuwa amemwonya mapema kwamba wenyeji hawamfungulii mtu anayegonga ukiwa umesimama ziwani, kama redio haijasema kuna anayekuja.

"Lakini mtu anagonga kwa baridi ile, unamwachaje? Sisi hatukulelewa hivyo. Nikafungua nikasema, karibu, ingia, baridi itakuua. Hakukuwa na mtu. Upepo tu ndio uliingia. Nikafunga mlango."

"Ukaingia," Emmaculate akasema.

"Ukaingia."

Alimsihi ashuke, aombe gari lingine. Waswa alisema amekwisha kuomba na amepewa, na hili analoendesha ndilo hilo lingine.

Siku ya dhoruba Waswa ndiye aliyepiga, mapema kuliko kawaida. Emmaculate alipopokea hakumtambua. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu, na nyuma ya maneno yake king'ora cha mkanda kilikuwa kinalia, ti, ti, ti, bila kupumzika.

"Barabara imefungwa," Waswa alisema. "Tumeambiwa kila mtu akae ndani ya gari. Sioni hata taa za Absalom. Redio inatoa mvumo tu. Mama Byron, mkanda nimeufunga. Bado kinalia. Nafikiri sasa amekaa upande huu."

"Shuka. Shuka uende kwa Absalom."

"Nje ukishuka hufiki. Mate yanaganda kabla hayajaanguka chini."

Hapo ndipo Emmaculate alipoelewa jinsi mumewe alivyonaswa. Nje mauti, ndani mauti, na chini ya magurudumu maji meusi yaliyofunikwa kwa kitu ambacho machoni pake kingepasuka kwa mpini wa jembe. Aliacha chapati ziungue. Alimwita jirani yake, Mama Dorca, aliyekuwa anauza makaa kando ya kibanda chake na siku za ibada alivaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu mgongoni, mwanamke wa kanisa la Roho ambaye watu walimtoa usingizini mara nyingi kuja kuwaombea wagonjwa wao.

Mama Dorca hakuuliza mengi. Alijifuta vumbi la makaa mikononi, akaishika simu kama mtu anayeshika kichwa cha mgonjwa, akaanza kuomba kwa Kijaluo, taratibu, kisha kwa nguvu, akimtaja Nyasaye, Mungu wao, akimwamuru mgeni yule ajitaje jina. Madereva wa kwenye benchi wakavua kofia. King'ora kikanyamaza.

Kisha sauti ikatoka ndani ya simu.

"Umekula?"

Waswa alikuwa amefunga mdomo. Macho yake yalikuwa yanatazama pembeni, hayapepesi.

"Umevaa soksi mbili? Funika miguu. Funika miguu. Nakungoja."

Ile ilikuwa sauti ya Emmaculate mwenyewe, na ile pumzi fupi aliyoivuta kila alipogeuza chapati ilikuwemo pia, katikati ya maneno, mahali pake hasa. Dereva mmoja aliinuka benchini akaondoka bila chai yake, na wenzake wakamfuata.

"Haijui maneno mengine," Mama Dorca alisema. "Hayo ni yako, nyathina, mwanangu. Imeyaokota. Siku zote hizo ukisema na mume wako, walikuwa wawili wanaokusikiliza."

"Iondoe."

"Naiondoa iende wapi? Hata wale pepo wa nchi ya Wagerasi, kwenye Injili, waliomba kuingia nguruwe kabla ya kumtoka yule mtu. Hawa hawatoki kwenda pasipo mahali."

Akatuma kuku aletwe. Akamsogeza jogoo mweupe mbele ya simu, akamshika mabawa, akaiamuru roho ile imwache binadamu imwingie ndege. Jogoo alitulia tu, hakuna kilichomwingia. Kwenye kioo cha simu Waswa alikuwa ameanza kusinzia, kichwa kinamwanguka, na Emmaculate aliyekuwa amesoma mambo ya baridi tangu mumewe aende huko alijua usingizi huo ni wa namna gani.

"Usilale, Baba Byron. Nisikie. Usilale."

"Usilale," ile sauti ikarudia, kwa upole, kama inayoonja neno jipya. Halafu, kwa mara ya kwanza, ikaunganisha yenyewe: "Nyumbani. Nyumbani moto. Nakungoja. Njoo."

Ilikuwa haimtazami jogoo. Emmaculate alijua, jinsi mtu anavyojua anatazamwa akiwa amegeuza mgongo, kwamba ilikuwa inatazama jiko lake, na nyuma ya jiko, yeye.

Mama Dorca naye alijua. "Neno la kuikaribisha usiliseme," akanong'ona. "Mimi nakuambia, usiliseme. Tutafunga, tutakesha, kesho niwaite wazee wa kanisa."

"Kesho atakuwa amekufa."

Hakukuwa na kilio katika kusema kwake. Emmaculate alilishika jiko kwa vitambaa, makaa yake yakiwa mekundu, akalibeba hadi chumbani mwake nyuma ya kibanda, nyumba ya mabati yenye chumba kimoja na pazia katikati, akarudi akaichukua simu mikononi mwa Mama Dorca, akaingia, na kabla yule mama hajafika mlangoni akaweka komeo.

Mle ndani kulikuwa na joto la kukausha macho. Aliiweka simu sakafuni mbele ya jiko. Waswa alikuwa haonekani tena vizuri. Ukungu ulikuwa umefunika kioo kwa upande wa kule, na katika ukungu huo kitu kilikuwa kimeegemea karibu, hakina uso, kinapumua kwa pumzi yake yeye.

"Mwache huyo," Emmaculate alisema. "Yeye hana moto. Mimi ninao. Njoo kwangu. Karibu."

Nje Mama Dorca alikuwa anagonga mabati kwa viganja, akiimba na kulia kwa pamoja, na Emmaculate aliusikia wimbo ule ukienda mbali, kana kwamba yeye ndiye anayesafirishwa na si sauti, wakati harufu ya friza ya samaki ilipoanza kupanda kutoka sakafuni, ikapita magotini, ikapita kiunoni, na makaa ya jiko yakaanza kuzimika moja baada ya jingine, kila moja likipasuka kidogo kabla ya kuwa jeusi, kama kuna mtu anayeyafinya kwa vidole, na nyuma ya pazia kitanda kikalia, polepole, jinsi kinavyolia mtu mzito aliyechoka na safari anapokaa.

"Mama Byron?" ilikuwa sauti ya Waswa, ya kweli, nzito kwa usingizi. "Mama Byron, kumepata joto. Barafu ya kwenye kioo inayeyuka. Kimetoka. Mmekitoa." Akaanza kulia. "Mwambie huyo mama asante. Mwambie Mungu ambariki."

"Nitamwambia," Emmaculate alijibu. "Funika miguu."

"Funika miguu," ikasema nyuma ya pazia.

Baridi hiyo haikutoka. Mabati yaliota barafu kwa ndani, nyeupe kama chumvi, huku watu wa Mamboleo wakipita nje wamejifunika magazeti kichwani kwa sababu ya jua. Kila alipokaribia mlango, ile sauti iliuliza uko wapi, na miguu yake ikafa ganzi hadi magotini, akaanguka, akarudi kwa kutambaa. Alifika dirishani tu. Hapo Mama Dorca alimletea chakula na chai ambayo ilipoa kabla haijafika mdomoni. Wanawake wa kanisa walikuja na ngoma, wakazunguka nyumba wakiimba kutwa nzima, wakaenda. Jioni hiyo Emmaculate alizisikia nyimbo zao nyuma ya pazia, kwa sauti yake mwenyewe, zote, bila kukosea.

"Usimruhusu mtu aingie," Mama Dorca alimwambia. "Ikiwa na mmoja, inabaki na mmoja. Ikimpata wa pili itataka wa tatu."

Kwa hiyo shule zilipofunga, Byron alipelekwa kwa nyanya yake Funyula. Na Waswa aliambiwa abaki huko huko Kanada, kazi ni njema, nyumbani hakuna shida. Hakuamini. Barafu ya kule ilipoanza kulainika na barabara za maziwa kufungwa, alipanda ndege.

Alifika Mamboleo mchana, begi begani, na kibanda alikikuta kimefungwa, benchi limepinduliwa. Mama Dorca alimwona akatoka mbio kumzuia, lakini alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

"Mama Byron. Ni mimi. Fungua."

"Rudi," Emmaculate alisema kwa ndani. "Nenda Funyula kwa mtoto."

"Nirudi wapi? Umekasirika?"

"Umekula?" ikauliza ile sauti, kwa furaha. "Njoo. Nakungoja."

Waswa akacheka kwa faraja, akashika mlango kuusukuma. Emmaculate alijitupa juu ya komeo kwa uzito wake wote, miguu ikamfa ganzi, kisha akatambaa hadi dirishani, akapitisha mkono kwenye upenyo. "Nishike," akasema.

Waswa aliushika. Hakuhitaji kuelezwa. Mtu aliyekaa na baridi ile kwenye kiti cha pili hawezi kuisahau. Alisimama ameushika mkono wa mkewe, mkono wake mwingine juu ya paji la uso, na watu waliokuwa wanatazama wakageuza macho.

"Ulikiita," alisema hatimaye. "Kwa sababu yangu."

"Mtoto anataka baba. Nenda."

Hakwenda. Aliweka begi chini, akakaa juu ya udongo wenye jua, mgongo ameuegemeza ukuta wa mabati, akasema atakaa hapo hadi Mungu afanye jambo. Kwa ndani Emmaculate aliona barafu ya ukutani ikianza kulia. Matone yakashuka, na pakatokea mahali pakavu, mabega, mgongo, kichwa kilichoinama, umbo zima la mumewe. Akalisogelea. Akaweka shavu. Palikuwa na joto, joto la mtu, la kwanza tangu siku ya jiko, na akafumba macho akapumua.

Nyuma yake pazia likasogezwa. Kitanda kikalia kwa kuachwa. Alihisi kitu kinapita kando yake bila haraka, kikichutama pale pale ukutani, kinaegemea.

"Baba Byron," akasema. "Inuka. Toka hapo ukutani."

"Nimekwambia siendi."

"Imekuja ulipo. Inuka sasa, uende, usigeuke."

Alimsikia akisimama. Alisikia begi likiokotwa, Mama Dorca akimwongoza kwa maneno madogo, nyayo zikienda kuelekea barabarani kwenye kelele za malori. Barafu ikaanza kurudi kutoka pembeni, ikafunika mabega kwanza, kisha mgongo. Emmaculate alibaki amesimama mbele ya lile umbo, akilitazama hadi kichwa nacho kikapotea.