Kaa la Mjane Seonaid

Ilianza na harufu ya maziwa yaliyomwagikia moto. Ilijaa ukumbini kwa Bwana Archibald Dalgarno, mwenye bonde lote hili na mbunge wetu, na jikoni hakuna aliyechemsha maziwa. Kisha moto wa meko ukawa unawaka vizuri tu, lakini hautoi joto. Huku milimani, wakati wa theluji, hilo si la mzaha.

Wenyewe tulijua. Bwana alikuwa amemfukuza mjane Seonaid ili ardhi wapewe kondoo. Na mtu huku akifukuzwa, moto wake huzimwa mbele ya macho yake, asipate pa kurudi. Bwana, kwa ubabe wake, aliuzima kwa maziwa ya mjane mwenyewe. Tsss! Moto ambao haukuwahi kuzimika tangu enzi za bibi yake, kila usiku ukifunikwa majivu, kila asubuhi ukipulizwa. Seonaid alikufa kwa baridi njiani.

Sasa Lachlan, mtoto mchanga wa Bwana, alikuwa anapoa. Walimzungushia mablanketi, wapi! Midomo ikageuka buluu.

"Ni yeye, Bwana," yaya Beathag alinong'ona. "Anataka moto wake. Chukua kaa la moto kwenye meko haya, ulibebe mwenyewe, ukawashe meko yake. Lisizimike njiani."

"Mbunge mzima nibebe makaa? Na leo wapigakura wanakuja kula hapa!"

"Archibald, mwanangu anakufa!" mkewe alilia. "Nenda, jamani!"

Akalitia kaa kwenye chungu, akaenda nalo, na kila alipokanyaga theluji alisikia nyayo nyingine nyuma yake, akigeuka haoni mtu, ila harufu ile ya maziwa ya kuungua ikimfuata, ikisogea, hadi akahisi pumzi ya baridi shingoni, kama mtu ameinama kuchungulia chunguni. Mara magari ya farasi ya wapigakura yakatokea konani. Bwana akakisukumia chungu kwenye theluji.

"Dalgarno! Leo kwa miguu?"

"Nanyoosha viungo tu, waheshimiwa!"

Wakacheka, naye akacheka. Walipopita, kaa lilikuwa jeusi.

Kurudi nyumbani kuchukua lingine aliona aibu. Alipofika kwa Seonaid alitoa jiwe lake la kuwashia kiko, akawasha moto mpya mekoni. Moto ni moto tu, alijiambia.

Aliporudi alimkuta mtoto analia kwa nguvu, mashavu mekundu. Mkewe akamrukia kwa furaha. Ukumbi ulikuwa na joto, wageni wanashangilia. Beathag peke yake hakucheka.

"Lilifika hai, Bwana? Kama halikufika sema sasa hivi, tupeleke lingine. Bado kuna nafasi."

Wapigakura wote wakamgeukia.

"Lilifika," Bwana akasema, kwa sauti ile ile anayoombea kura.

Kitandani kwa mtoto pakasikika: tsss. Kilio kikakatika, na harufu ya maziwa ikajaa ukumbini.