Mistari Miwili Aliyoiacha Nduku

Kila asubuhi, kabla ya jamaa wa shambani kwenda kuchuma kahawa, Nduku alifanya kazi tatu: kuteka maji, kufagia mbele ya nyumba na kumsugulia baba yake viatu. Mwezi ule wa Aprili, mwaka wa 1957, kazi ya tatu ilikuwa imepoteza maana. Baba yake, Munyao, hakuwa na mahali pa kwenda na viatu vinavyong'aa. Nduku aliendelea kuvisugua tu, kwa sababu mikono yake haikutulia.

Munyao alikuwa mpishi. Kwa miaka tisa alimpikia mwenye shamba la kahawa karibu na Ruiru, mpaka mwenye shamba alipouza na kurudi kwao Uingereza. Tajiri mpya alikuja na mpishi wake mwenyewe. Alimruhusu Munyao kukaa katika nyumba ya wafanyakazi hadi mwisho wa mwezi, basi. Asipopata kazi, jamaa nzima ingerudi kwa nyanya, kule mashariki kupita Gatuanyaga, ambako hapakuwa na darasa la sita karibu. Nduku alikuwa wa pili darasani. Alichora siku ukutani kwa mkaa, na zilibaki kumi na moja. Mama yake, Kamene, alifunga vyombo, akavifungua ili apike, kisha akavifunga tena.

Siku zile mpishi hakuajiriwa bila barua kutoka kwa tajiri wake wa zamani. Memsahebu, mke wa mwenye shamba wa zamani, alimwachia Munyao barua ya Kiingereza, akamwambia, "Nimeandika ukweli." Munyao hakujua kusoma Kiingereza. Aliihifadhi ndani ya kopo la biskuti, akaitoa mara mbili kuwapelekea watu wa Ruiru waliotafuta mpishi. Mara zote mbili barua ilisomwa, ikakunjwa, ikarudishwa.

"Walisema nini, Baba?" Nduku aliuliza.

"Walisema asante."

Asante ile ilimkera Nduku siku nzima. Mchana uliofuata, wazazi wakiwa mtoni, alifungua kopo na kuisoma barua, kamusi ya mwalimu ikiwa magotini. Ilianza vizuri. Munyao ni msafi. Munyao hajawahi kuiba hata kijiko. Mkate wake unashinda wa hotelini. Kisha ikaja mistari miwili: Lakini ni mkaidi. Mara mbili ametupa nyama yangu shimoni bila ruhusa, na nilipomgombeza alibishana nami.

Nduku alihisi uso ukimchoma. Miaka tisa ya mikate, halafu mtu anaharibiwa kwa mistari miwili! Alirarua karatasi katikati ya daftari lake, akaikata ukingo, akainakili barua yote isipokuwa mistari ile. Sahihi aliijaribu mara sita juu ya gazeti kabla ya kuiandika. Nakala aliiweka ndani ya kopo, na barua ya kweli akaificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Hakumwambia mtu yeyote.

Jumapili, baada ya ibada, Munyao alisikia kwamba hospitali moja ndogo ya wamisheni huko Thika ilikuwa ikitafuta mpishi wa wagonjwa. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Jumatatu alimpakia Nduku nyuma ya baiskeli.

"Twende ukaone mji," alisema. "Utaniletea bahati."

Nduku hakuona mji wowote. Njiani walisimamishwa na askari waliokuwa wakikagua karatasi za wasafiri. Askari mmoja alifungua barua ya Munyao, akaigeuza huku na huku, akairudisha. Nduku alishikilia kiti cha baiskeli mpaka vidole vikafa ganzi. Kutoka hapo hadi Thika kila mkonge kando ya barabara aliuona kama askari.

Msimamizi wa jiko la wagonjwa aliitwa Sista Nekoye, mwanamke mfupi mwenye miwani, ambaye kabla ya uuguzi alikuwa amefundisha shule miaka minne. Nje ya ofisi yake alikuwa ameketi mwanamume mwingine aliyeitaka kazi hiyo hiyo. Sista Nekoye alisoma barua mara moja tu. Kisha akaiinua kuelekea dirishani.

"Mzee, hii barua uliandikiwa na nani?"

"Na Memsahebu, Sista. Mwenyewe, kwa mkono wake."

"Memsahebu wako anaandika kwenye daftari la shule? Tazama, matundu mawili ya pini haya hapa. Na herufi za namna hii niliwafundisha mimi mwenyewe watoto wa darasa la tano." Akaikunja na kuisukuma juu ya meza. "Nimeona barua nyingi za kukodi na za kununua. Sikutukani, Mzee. Lakini mimi siwezi kumpa funguo za stoo mtu wa barua ya uongo. Nenda salama."

Munyao alisimama. Alimtazama Sista, akaitazama karatasi, na midomo yake ikatetemeka. Nduku hakuwahi kuiona midomo ile ikitetemeka. Mlangoni yule mwanamume mwingine alikuwa ameshainuka na kuvua kofia.

"Ni mimi," Nduku alisema. "Baba hajui. Hasomi Kiingereza. Niliandika mimi. Barua yenyewe iko nyumbani."

"Kwa nini uliandika?"

"Kulikuwa na maneno mabaya, Sista. Nikayaacha."

Sista Nekoye alivua miwani na kuifuta taratibu, kana kwamba hapakuwa na haraka yoyote duniani. "Kesho kabla ya saa nne," alisema mwishowe, "nataka hiyo barua yenyewe hapa. Saa nne ikipita, nampokea mwingine."

Munyao aliendesha baiskeli kutoka Thika hadi Ruiru. Hakufoka wala hakumchapa. Nduku angeomba achapwe, yaishe. Nyumbani Mama alipouliza mambo yalikwendaje, Munyao alisema tu, "Kesho tutarudi."

Kesho yake saa tatu unusu walikuwa mbele ya meza ile ile. Sista Nekoye alisoma barua ya kweli kwa sauti, akiigeuza Kiswahili, sifa na lawama pamoja. Munyao alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Ilipofika mistari miwili, Nduku alifumba macho.

"Ni kweli?" Sista Nekoye aliuliza.

"Ni kweli. Nilizitupa."

"Kwa nini?"

"Mara zote mbili zilikuwa zimeanza kunuka, Sista. Ya pili ilikuwa Februari, jua kali. Memsahebu alisema nizioshe na siki, wageni wanakuja. Nikamwambia, nyama ni yako, mama, lakini matumbo yatakayouma ni ya watoto wako."

"Akasema nini?"

"Aligomba sana. Nikapika mayai."

Sista Nekoye alicheka, kicheko kifupi, halafu akaacha. "Mwezi uliopita mpishi wetu aliletewa nyama mbovu. Alijua ni mbovu. Akaogopa kuonekana mkaidi, akaipika. Wagonjwa kumi na wanne waliharisha, na wengine walikuwa na miguu iliyovunjika. Wewe jaribu kukimbilia choo na mguu wa plasta." Alimgeukia Nduku. "Nimekaa hapa wiki tatu nikisoma barua tamutamu. Wote wasafi, wote watiifu. Mtu niliyekuwa namtafuta alikuwa kwenye mistari miwili uliyoiacha. Barua ya kazi si ya kumpamba mtu, msichana. Ni ya kumwonyesha alivyo, ili anayemhitaji amtambue. Ulidhani unafuta kosa la baba yako, na ulikuwa unamfuta baba yako."

Nduku aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta.

"Mzee, anza Jumatatu," Sista Nekoye alisema. "Na nikikukosea jikoni, ubishane na mimi."

Nje, Munyao aliinamia baiskeli akaangalia mnyororo ambao haukuwa na shida yoyote.

"Kumbe uliniona mtu wa kufichwa," alisema.

"Niliogopa, Baba. Niliogopa tutaenda kwa nyanya na shule itaisha."

"Najua. Mimi pia niliogopa." Aliinuka akamtazama. "Lakini ungeniuliza. Siku nyama ilipooza, mimi nilikuwepo pale. Wewe hukuwepo. Usiandike maisha ya mtu kabla hujamuuliza, hata kama unampenda. Hasa kama unampenda."

"Nisamehe, Baba."

Munyao alitoa barua mfukoni, akamkabidhi. "Panda. Unisomee Kiingereza chake chote, pole pole, neno kwa neno. Nataka niijue kwa moyo tukifika Ruiru."

Nduku alipanda nyuma ya baiskeli na kuanza kusoma. Alipofika kwenye mistari miwili, sauti yake ilishuka.

"Sema kwa nguvu," baba yake alisema, akikanyaga pedali. "Hapo ndipo nilipo."