Chapuchapu na Breki za Trela la Mama

Yote nitakayoandika hapa ni kweli tupu. Ukikuta uongo hata wa ukubwa wa punje ya mchanga, basi mimi, mzee mzima na magoti yangu yanayolia kama bawaba, nitaliosha trela la binti yangu kwa mikono yangu.

Mjukuu wangu tulimwita Chapuchapu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila kazi aliimaliza kabla hujamwambia aanze. Mama yake, yaani binti yangu, alikuwa na boti ya kukodisha. Jioni aliitoa baharini juu ya trela, akaivuta kwa gari hadi uani kwetu. Magurudumu ya trela huingia majini, kwa hiyo Chapuchapu alipewa kazi ya kuosha breki kwa mpira wa maji ya bomba, chumvi iishe.

"Umeosha?" mama yake huuliza kutoka jikoni.

"Tayari, Mama!"

Asubuhi moja, kwenye mteremko wa kushushia boti, breki za trela zikakataa kushika. Trela likalivuta gari kinyumenyume kama fahali mwenye hasira. Lilipokuja kusimama, maji yalikuwa yamefika mlangoni mwa gari. Binti yangu hakuumia, ila alituburuta moja kwa moja hadi kwa fundi aliyezifunga breki zile.

"Ulinifungia nini wewe?" akafoka. "Ningezama, nani angemlea huyu?"

"Dada, tulia kwanza," fundi akasema. "Breki za umeme nilizikataa, maana maji ya bahari huziua mapema. Hizi za dramu hudumu, mradi zioshwe. Zimefunikwa, chumvi ikiingia haitoki yenyewe." Akamgeukia Chapuchapu. "Bibie, unaziosha kila siku?"

"Kila siku," akajibu, macho kwenye vidole vya miguu.

Fundi akakuna kichwa. "Kama zinaoshwa na bado zimeshindwa, basi nilikuchagulia vibaya, dada. Unahitaji za diski. Zile ziko wazi, chumvi haina pa kujificha. Ni ghali, lakini kosa langu. Nitauza mashine yangu ya kuchomelea, nikufungie bila malipo."

"Na uiuze! Na wenye boti wote nitawaambia wasikukaribie."

Fundi akaisogelea mashine yake kwenye kona. Aliinama akaanza kuipangusa ile mashine, taratibu, kama anayemwosha mtoto.

Chapuchapu akahisi masikio yanawaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na viatu vyake.

"Usiiuze," akasema kwa sauti ya mbu.

"Unasemaje?" mama yake akauliza.

"Sijaosha, Mama. Siku nyingi. Nilikuwa nalowesha matairi tu, ili ukichungulia uone maji."

Binti yangu akamgeukia fundi, akainamisha kichwa. "Nisamehe, kaka," akasema.

Fundi akafungua dramu. Kutu na chumvi zikamwagika kama unga. Akamwita Chapuchapu karibu.

"Bibie, mimi huchagua breki kwa macho yangu na kwa maneno ya mwenye trela. Ukinidanganya, nachagua gizani, na anayeteremka ni mama yako. Leo umesema ukweli kabla sijafungua. Aibu hii itapoa. Ya kumzika mtu haipoi."

Dramu zikasafishwa, vilivyoliwa na kutu vikabadilishwa, na mashine ya kuchomelea ikabaki mahali pake.

Kalamu yangu ilipofika hapa, nikahisi pumzi begani. Chapuchapu alikuwa nyuma ya kiti changu, anasoma.

"Babu, mbona hukuandika nilikuwa wapi wakati wa kuosha?"

"Ulikuwa unacheza."

"Nilikuwa kibarazani kwako! Si ulikuwa unaniita, 'Achana na mpira wa maji, njoo nikusimulie nilivyolizuia trela kwa kisigino'? Na ujanja wa kulowesha matairi alinifundisha nani?"

Nikakohoa. Kikohozi hakikusaidia. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, na mkononi ameshika mpira wa maji.

"Baba," akasema, akija kuchungulia karatasi yangu, "umeapa mwenyewe hapo juu."

Jamani, chini ya trela kuna baridi! Namalizia kuandika nikiwa nimelowa hadi kwapani, na sina pa kuuweka uso wangu. Nilipojaribu kumsimulia Chapuchapu tena ile habari ya kisigino, akanikatiza.

"Osha kwanza, Babu. Bado gurudumu la pili."