Sauti Inayosimama Katikati

Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea vilima vya Rubaya wakati Kanamugire alipoingia duka la tatu, buti za mpira miguuni, fimbo ya kuchungia kwapani, na kle ya ordinatere, kijiti cha kubebea sauti za kompyuta, mfukoni. Alikuwa anatafuta bafle, spika za kutolea sauti.

Duka la kwanza walimwonyesha vibafle viwili vya plastiki, vidogo kama nyanya za mwisho wa soko. La pili wakamtolea bafle moja ndefu kama mtoto wa darasa la nne, yenye taa nyekundu na buluu, ile wanayoipenda wachimbaji wakitoka shimoni na kutaka dunia nzima ijue wametoka. Akashukuru, akaaga. Mwanaume wa miaka hamsini na nane hawezi kulala chumba kimoja na kitu kinachomkonyeza.

Duka la tatu lilikuwa la Papa Nzabandora, fundi wa redio mwenye masikio makubwa kuliko biashara yake. Kanamugire akamweleza shida. Ordinatere alikuwa ameachiwa na binti yake, Umuhoza, anayefanya kazi Goma. Ndani yake kulikuwa na kitu kimoja tu cha maana, sekunde arobaini na tatu. Marehemu mke wake, Mutesi, akiwaita ng'ombe jioni waje kukamuliwa.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita. Umuhoza alikuwa amepata hamu ya nyumbani, akapiga simu: baba amrekodie mama akiita ng'ombe. Basi Kanamugire akasimama hatua mbili nyuma ya mkewe, simu mkononi, anatabasamu kama bwana harusi. Siku ya tisa baada ya jioni ile Mutesi aliingia zizini, akakaa kwenye kigoda chake ili akamue, na hakuinuka tena.

Katika zile sekunde, Mutesi anamwita Bihogo, anamwita Gaju. Kisha kimya kidogo. Kisha anasema, "Karame! Niko nakuja." Karame ndiyo jibu la mtu aliyelelewa vizuri anapoitwa. Hapo alikuwa anamjibu mumewe, aliyekuwa amemwita. Ndivyo Kanamugire alivyokumbuka, na ndicho kipande alichokipenda. Miaka miwili, kila jioni, alikuwa analingoja neno hilo kwenye koo la ordinatere yenyewe, linatoka kama nzi aliyefungiwa koponi. Alitaka mara moja tu alisikie kwa ukubwa wa mtu.

Nzabandora akachomeka kle. Kwenye bafle za plastiki, nzi akawa nyuki. Kwenye ile ya taa, Mutesi akawa anahutubia mkutano wa hadhara. Kisha Kanamugire akaona bafle mbili za mbao nyuma ya kaunta, chini ya nailoni, zenye kitambaa cha kahawia usoni. Za zamani. Hakuna aliyezitaka kwa sababu haziwaki taa.

"Jaribu hizi."

Nje pikipiki zilikuwa zinanguruma. Hata hivyo sauti ilipotoka, Kanamugire alishika meza. Ilikuwa na kifua. Ilikuwa na mate na koo na ile mikwaruzo ya baridi ya jioni. Ilikuwa Mutesi mzima, amekosa miguu tu.

Nzabandora alikuwa ameinama, sikio kwenye kitambaa. Ghafla akazima, kabla ya mwisho.

Kisha akasukuma zile za plastiki mbele ya mteja.

"Papa, beba hizi ndogo. Hizi njo zako."

Tangu lini mfanyabiashara wa Rubaya akakusihi ununue cha bei ndogo? Kanamugire aliona anadharauliwa, ya kwamba mtu wa ng'ombe hajui kitu kizuri. Akasema ataondoka na za mbao, na kama hazina ubaya, aambiwe ni nini.

"Hazina ubaya," Nzabandora akanong'ona. "Bafle muzuri haiongezaki kitu. Inatoaka tu kile chenye kiko ndani."

Akazifunga kwa blanketi, taratibu, kama mtu anayevalisha watoto. Akaeleza kwamba ukizipanga vizuri, moja kushoto na nyingine kulia, sauti haitakuwa ndani ya sanduku lolote. Itasimama katikati. Pale ambapo hakuna kitu.

"Usikae pale katikati, Papa."

Zikafungwa nyuma ya pikipiki, safari ya Kirolirwe ikaanza. Kanamugire akafika saa ile moshi wa mazizi unapolala juu ya majani na bonde zima linanuka samadi na maziwa. Alishuka kwenye mikaratusi, akambebesha dereva bafle moja, nyingine akabeba mwenyewe. Hapo kwenye mikaratusi ndipo Mutesi alipomfundishia Umuhoza, alipokuwa mdogo, kwamba jioni ukisikia jina lako, usijibu mwito wa kwanza. Kama ni mtu, ataita tena. Kile kingine hakijui kuita mara mbili. Mumewe alikuwa anawacheka, anasema kile kingine basi kina adabu kuliko wadai. Mutesi hakucheka. Maisha yake yote hakujibu mwito wa kwanza wa jioni, isipokuwa alipojua mwitaji amesimama pale karibu yake.

Ndani, alizipanga bafle mbili mezani, kila moja upande wake. Katikati, ukutani, palikuwa na kigoda cha Mutesi cha kukamulia, hakijasogezwa miaka miwili. Yeye akaweka kiti chake sawasawa katikati, mbele ya kigoda. Alikuwa amezilipia zote mbili, angekaaje upande mmoja?

"Papa Umuhoza! Papa Umuhoza!"

Alikuwa Verdiane, jirani, mjane kama yeye, ambaye siku hizi ndiye anayekamua na kumletea sehemu yake ya maziwa. Mwanamke wa utani. Aliingia na kuuliza kama yale ni masanduku ya nyuki au majeneza ya sungura. Kanamugire akamwambia akae asikie. Akachezesha.

Bihogo weee… Gaju…

Kweli sauti haikuwa ndani ya mbao. Ilisimama juu ya kigoda, kimo cha mtu aliyeketi. Kanamugire machozi yalikuwa tayari yamefika. Kimya kidogo. Kisha, "Karame! Niko nakuja."

Akageuka ili Verdiane aone jinsi mke wake alivyokuwa anamjibu. Verdiane hakuwa anatabasamu.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu Verdiane aliliweka chini debe la maziwa alilokuwa amekuja nalo, bila sauti, kama mtu aliyeona nyoka.

"Papa Umuhoza. Pale, njo weye ulimuita?"

"Njo miye. Nani mwingine? Tulikuwa wawili tu."

"Wakati ule anaitwa, weye uko unapumua."

Watu wote wa Kirolirwe wanaijua pua ya Kanamugire. Fahali aliivunja zamani, na tangu hapo inapiga filimbi. Kanisani watoto huihesabu wakati wa mahubiri. Sasa akaisikia mwenyewe. Fii… fii… Karibu, juu ya simu, pua ya mtu aliyetulia na kuridhika. Na chini ya ile filimbi, chini sana, mahali ambapo koo la ordinatere halikuwahi kufika…

Kitu.

Kizito, kama jiwe la kusagia linalosogezwa nyumba ya pili.

"Mama Umuhoza."

Mara moja.

Na filimbi haikukatika. Fii… fii… Mtu hawezi kuita na kuvuta pumzi kwa pamoja.

Ndipo akakumbuka jinsi Umuhoza alivyomwagiza kwenye simu. Papa, usiseme kitu, utaharibu. Na yeye hakusema kitu. Hakumwita mkewe jioni ile, hata kidogo. Ule mwito aliushona mwenyewe, usiku baada ya usiku, mpaka ukawa kumbukumbu.

Mutesi hakuwa amesahau desturi yake. Alijibu mwito wa kwanza kwa sababu mumewe alikuwa pale pale, hatua mbili nyuma.

Alidhani ni yeye.

Na yeye alikuwa anatabasamia simu.

Verdiane alimwomba azizime, azirudishe Rubaya kesho yake. Lakini aliposema hivyo hakuwa anatazama bafle. Alikuwa anatazama kigoda. Aliondoka bila utani hata mmoja, na siku ile ndipo Kanamugire alipojua ni utani wa mama yule uliokuwa unaishikilia nyumba yake isianguke.

Kesho yake hakwenda Rubaya. Alishinda amekaa. Alikuwa na shauri, na lilikuwa shauri la mpumbavu, kama mashauri yote ya mwanaume aliyeachwa peke yake na mashine. Umuhoza alikuwa ameacha ndani ya ordinatere programu ya kupangia nyimbo za kwaya, na baba yake alikuwa amejifunza kuitumia kwa kuharibu nyimbo tatu. Pale palipokuwa na kile kitu, yeye angeweka sauti yake. Angekifunika. Neno la Mutesi lingekuwa linamjibu yeye, kama alivyoamini miaka miwili. Hakutaka kingine duniani.

Ng'ombe walipoanza kurudi, alijisogeza kwenye kile kitundu kinachosikia, akasema, "Mama Umuhoza." Akaikata, akaivuta, akailaza juu ya ile nyingine. Akawasha bafle. Akakaa katikati.

Bihogo weee…

Gaju…

Kisha sauti yake mwenyewe, kubwa, ya uwongo kidogo, kama ya mtu anayesoma barua kanisani:

Mama Umuhoza.

Kimya.

Karame haikuja.

Akatazama. Kwenye kioo mchoro wa sauti ya mkewe ulikuwa pale pale, vilima vyake vidogo havijaguswa. Mstari ulivipanda, ukavishuka, ukafika arobaini na tatu, ukasimama. Hakuna kilichotoka.

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kurudisha. Kikasimama hewani.

Kwa sababu alikuwa ameelewa. Kurudisha ni kuita mara ya pili.

Mutesi hakujibu kwa sababu alishajifunza. Alidanganywa mara moja na sauti ya mume. Sasa alikuwa kule alikokuwa, kimya, anasikiliza… anangoja kuona kama anayemwita ni mtu. Akiitwa tena, atajibu. Atasema anakuja. Mutesi hakuwahi kusema anakuja kisha asije.

Na kile kilichomchukua, je? Kitamwacha aje peke yake?

Bafle zilikuwa zinavuma kidogo, mvumo wa vitu vilivyowashwa bila kazi. Kisha harufu ikaingia. Siagi. Ile siagi ya chombo kilichofukizwa moshi, aliyojipaka Mutesi mikononi msimu wa baridi.

Mstari kwenye kioo ulikuwa umesimama. Hakuna kilichokuwa kinacheza.

Juu ya kigoda, kimo cha mtu aliyeketi, sauti ya mke wake ikasema taratibu:

"Papa Umuhoza."

"Ka…"

Lilikuwa limeshatoka nusu. Aliuma ulimi mpaka damu ikaja. Akang'ang'ania meza kwa mikono miwili, pua inapiga filimbi kama birika, akangoja mwito wa pili.

Akangoja.

Nje Gaju alilia mara moja, akanyamaza.

Tangu siku ile Kirolirwe wanasema Kanamugire ameziba masikio. Mtu akimwita njiani anamtazama tu mpaka aitwe tena. Mchungaji aliudhika. Verdiane hakuuliza. Yeye akifika mlangoni siku hizi huita mara tatu, kisha anaongeza tusi dogo la kirafiki, ili pasiwe na mashaka.

Za mbao hazijarudi Rubaya. Jioni huzitoa waya kwenye batri kwa mkono wake mwenyewe, huziona zimekufa, na saa ya kukamua sauti huja vilevile, mara moja, pale katikati. Umuhoza amemwomba ahamie Goma. Anasema atakwenda, ng'ombe wakipata mtu.

Ule mwito wake aliourekodi hajaufuta. Huuacha wazi kwenye kioo, kidole karibu na kitufe, na anafikiri mambo mawili, kila jioni yale yale. Huenda si Mutesi, na ndiyo maana mwito wa pili hauji.

Au ni Mutesi, anajua kinachompata anayejibu, na anajizuia asiite tena, kama yeye anavyojizuia.

Kiti chake amekiondoa katikati. Amekisogeza hatua mbili nyuma.